Sahihi ya baba na pikipiki ya maili 100

Mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Uingereza, kijana wa miaka 18 aliyetaka kununua pikipiki alikuwa na tatizo moja ambalo mshahara wake wa kiwandani haukuweza kulimaliza. Muuzaji alikuwa tayari kumkopesha na alipe kidogo kidogo kila mwezi. Pikipiki yenyewe ipo, inang'aa nyuma ya kioo cha duka. Lakini chini ya fomu ya mkopo kulikuwa na nafasi ambayo yeye hakuruhusiwa kuijaza.

Kisheria alikuwa bado mtoto. Utu uzima ulianza ukifika miaka 21, na hilo halikubadilika mpaka Januari 1970 ulipoteremshwa hadi miaka 18. Deni la mtoto lilikuwa gumu kudaiwa mahakamani, kwa hiyo wauzaji walitaka mdhamini. Mara nyingi mdhamini huyo alikuwa baba.

Ndivyo karatasi ilivyofika kwenye meza ya chakula katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Baba akikataa, atanuniwa mwezi mzima. Akikubali, kila usiku kijana akichelewa kurudi, yeye na mama watalala macho wazi wakisikiliza mlio wa injini mtaani. Wengi walisaini.

Kilichofuata ni moja ya hadithi za ajabu za ujana wa karne iliyopita, na wazazi waliomo ndani yake hawasimuliwi sana.

Pikipiki za mgahawani

Vijana hao hawakuridhika na pikipiki kama ilivyotoka kiwandani. Walitaka ifanane na zile walizoziona kwenye mashindano, na zaidi ya yote walitaka ifike maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Mwendo huo ulikuwa kama cheti. Aliyeufikia alihesabiwa kuwa mtu, na ambaye hajaufikia alikaa pembeni na kikombe chake cha chai.

Chai hiyo ilinywewa kwenye migahawa ya kando ya barabara kuu. Uliojulikana kuliko yote ni Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, kaskazini-magharibi mwa London. Ulifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukapigwa bomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949. Ulikuwa wazi usiku na mchana, una mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu, na nje una uwanja mpana wa kuegesha.

Jina la "cafe racer" lilianza kama kejeli. Maana yake ni mtu anayejifanya bingwa wa mashindano ilhali mashindano yake yanaanzia na kuishia mlangoni pa mgahawa. Vijana wakalichukua tusi hilo wakalifanya jina la pikipiki zenyewe.

Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni ya kijana anayetumbukiza sarafu, anachagua wimbo, anakimbilia pikipiki yake, anazunguka hadi mzunguko fulani wa barabara na kurudi kabla wimbo haujaisha. Nyimbo za wakati ule zilikuwa za dakika mbili au tatu tu. Huenda simulizi hiyo imeongezewa chumvi kila iliporudiwa, lakini mzazi yeyote anajua ina ukweli wa aina gani: watoto hufanya mambo ya hatari zaidi wanapokuwa na watazamaji.

Oveni ya mama

Ili kuipata pikipiki ya namna hiyo, kijana aliijenga mwenyewe. Alianza kwa kupunguza. Vilinda matope vizito vilitolewa, kiti cha watu wawili kikabadilishwa na kifupi chenye kinundu nyuma, vipuri vizito vikatupwa. Usukani mpana uliondolewa, mahali pake vikafungwa vishikio viwili vifupi moja kwa moja kwenye mirija ya mbele, chini kabisa, ili mwendeshaji alale kifudifudi juu ya tangi na kukwepa upepo. Sehemu za kukanyagia zikarudishwa nyuma. Tangi la mafuta, kwa wenye uwezo, lilikuwa refu, la aluminiamu iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo.

Waliokwenda mbali zaidi waliunganisha pikipiki mbili kuwa moja. Maarufu kuliko zote ni Triton, na jina lenyewe ni muungano: injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton.

Fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed, yaani godoro la manyoya, ilibuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, na ilianza kung'ara kwenye mashindano mwaka 1950. Ilishika barabara kwenye kona kuliko fremu nyingine za wakati wake. Injini ya Triumph yenye silinda mbili nayo ilikuwa na nguvu, ilipatikana kirahisi, na fundi wa kawaida aliweza kuiongezea kasi. Mwenye akili akauliza: kwa nini nichague moja?

Fremu hizo zilipatikana kwa njia ya kuchekesha. Waliokuwa wakishindana kwa vigari vidogo vya cc 500 walizitaka sana injini za Norton za mashindano, lakini kampuni haikutaka kuziuza peke yake. Wakawa wananunua pikipiki nzima, wananyofoa injini, na kuiacha fremu. Fremu zisizo na injini zikazagaa, na vijana wenye injini za Triumph wakazifuata.

Kazi hii ilifanyika wapi? Kwenye banda la uani kwa mwenye banda, na kwa asiye nalo, ndani ya nyumba. Beringi zilizokaza ndani ya kasha la injini hutoka kwa joto, kwa sababu aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma. Kasha likipashwa vizuri, beringi huchomoka bila kupigwa nyundo. Na joto la kulingana kila upande lilipatikana ndani ya oveni ya jikoni. Mama aliyerudi sokoni na kukuta nyumba inanuka oili iliyoungua alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Lakini hapo kuna jambo la kufikiria. Kijana yuleyule aliyeitwa mhuni magazetini alikuwa ameketi jikoni akipima uwazi wa vali kwa kipimo chembamba kama karatasi, akisoma kitabu cha ufundi ukurasa kwa ukurasa, akijifunza uvumilivu ambao shule ilishindwa kumfundisha. Fundi Dave Degens, aliyejulikana kwa kuunda Triton za kuuza kwa jina la Dresda, alikwenda Hispania mwaka 1965 na moja ya pikipiki hizo na, akipokezana na Rex Butcher, akashinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona. Pikipiki ya mgahawani ilizishinda za viwanda vikubwa.

Bili ya mwendokasi

Upande wa pili wa hadithi hii uko hospitalini na makaburini.

Mwaka 1960 watu zaidi ya 1,700 waliokuwa juu ya pikipiki, waendeshaji na abiria, walikufa kwenye barabara za Uingereza. Miaka ya karibuni idadi hiyo imekuwa kati ya 300 na 350 hivi kwa mwaka. Ni kweli kwamba pikipiki sasa hazitumiki sana kama zamani, ila tofauti bado ni kubwa.

Ukizitazama pikipiki zile kwa jicho la leo, unashangaa waliopona. Injini ilikuwa imeongezewa nguvu, lakini breki zilikuwa za ngoma, ambazo zikipata moto hushindwa kushika. Matairi yalikuwa membamba. Taa ilimulika hatua chache tu mbele. Barabara kuu ya M1 ilipofunguliwa Novemba 1959 haikuwa na ukomo wa mwendo wowote. Ukomo wa maili 70 uliletwa Desemba 1965. Na kijana wa miaka 16 aliruhusiwa kisheria kuendesha pikipiki.

Serikali ilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi wa udereva aliwekewa ukomo wa injini ya cc 250. Viwanda navyo vikaona soko. Mwaka 1965 Royal Enfield iliingiza sokoni Continental GT, pikipiki ya cc 250 tu, yenye tangi jekundu refu na vishikio vya chini tangu kiwandani, inayoweza kukaribia maili 85 kwa saa. Sheria iliheshimiwa, na mtoto aliyekuwa bado hajafanya mtihani wa udereva akapata alichokitaka.

Wazazi walibaki na njia mbili walizozijua: kukataza au kunyamaza. Aliyekatazwa aliiacha pikipiki kwa rafiki na kusema anakwenda sinema. Aliyenyamaziwa alikwenda tu.

Padri mwenye pikipiki

Njia ya tatu ililetwa na mtu asiye mzazi. William Shergold, padri wa Kianglikana wa Hackney Wick, mashariki mwa London, alikuwa mwendesha pikipiki yeye mwenyewe. Katika eneo lake kulikuwa na klabu ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1959 na padri mwenzake, John Oates, ikaitwa 59 Club.

Mwaka 1962 Shergold alipanda pikipiki yake akaenda Ace Cafe kuwaalika vijana waje kanisani kwa ibada maalumu ya waendesha pikipiki. Si jambo dogo. Wakati huo vijana wa jaketi za ngozi walikuwa wakiogopwa na kukataliwa hata kuhudumiwa mahali pengi. Walikuja wengi, na baadhi ya pikipiki ziliingizwa mpaka ndani ya kanisa.

Baada ya hapo klabu ikafungua tawi la pikipiki. Ilikuwa na mahali pa kukaa, kahawa, muziki, meza za michezo, na mtu mzima ambaye haanzi mazungumzo kwa kulaumu. Wanachama wakafika maelfu, na beji yenye namba 59 ikawa fahari ya kushonwa kwenye jaketi. Shergold hakuwaambia waache pikipiki. Asingeweza, kwani yake ilikuwa imeegeshwa nje.

Haijulikani ni maisha mangapi yaliokolewa kwa namna hiyo, na hakuna kipimo cha kuhesabu ajali ambayo haikutokea. Lakini vijana hao walipata mtu wa kumwambia "jana nilikaribia kufa" bila kuogopa kunyang'anywa ufunguo. Nyumbani kwao wengi hawakuwa naye.

Daktari na fuvu la kichwa

Kuna mtu mwingine ambaye mchango wake unaweza kuhesabiwa.

Mei 13, 1935, karibu na nyumba yake katika mkoa wa Dorset, T. E. Lawrence, yule anayejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Alikuwa juu ya Brough Superior SS100, pikipiki iliyounganishwa kwa mkono kiwandani Nottingham na kuuzwa kwa ahadi ya kufika maili 100. Kichwani hakuvaa kitu. Alirushwa, akapoteza fahamu, akafa siku sita baadaye akiwa na miaka 46.

Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Hakuweza kumwokoa, lakini kifo kile hakikumtoka akilini. Vita vilipoanza, jeshi likajaa vijana wanaopeleka ujumbe kwa pikipiki, na wengi wakawa wanakufa kabla ya kumwona adui. Mwaka 1941 Cairns alichapisha ripoti katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba ndani ya miezi 21 ya mwanzo wa vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani nchini humo, na kwamba wachache aliowatibu wakiwa walivaa kofia ngumu hawakufa kwa majeraha ya kichwa.

Novemba mwaka huohuo jeshi likaamuru kila mwendesha pikipiki wake avae kofia ngumu. Kwa raia, sheria ilichelewa mpaka Juni 1, 1973. Kati ya ripoti na sheria ni karibu miaka 32, na katikati ya miaka hiyo ndipo walipopita vijana wote wa Ace Cafe.

Kwa nini kofia inasaidia? Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo ulio ndani huendelea na safari, ukagonga upande wa mbele, ukarudi ukagonga wa nyuma. Povu gumu lililo ndani ya kofia hubonyea na kuufanya msimamo ule uchukue muda mrefu kidogo. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ubongo unaihitaji. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Povu likishabonyea halirudi, hata kama nje kofia inaonekana nzima. Kofia iliyopata kishindo kikubwa imemaliza kazi yake. Hili mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayemwona mwanawe akipanda bodaboda analihitaji sawa na wa London: kofia iliyolegea, inayozunguka kichwa kikiwa kimetulia, itachomoka kabla ya kichwa kufika chini. Ikishikwa na kusukumwa kulia na kushoto, ngozi ya mashavu inatakiwa iende nayo. Mkanda ufungwe, na chini yake vipite vidole viwili tu.

Ubongo ambao haujakomaa

Wazazi wa wakati ule walisema vijana wao wana wazimu. Sayansi imetoa lugha ya upole zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kusema "subiri kwanza", huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia katikati ya miaka ya 20, ilhali sehemu zinazotafuta raha na sifa huchangamka mapema. Tafiti za kisaikolojia pia zimeonyesha kwamba vijana hujihatarisha zaidi wenzao wakiwatazama. Uwanja wa Ace Cafe, wenye madirisha makubwa yaliyojaa nyuso, ulikuwa kama umejengwa kwa ajili hiyo.

Sheria za sasa za Uingereza zimeufuata ubongo huo. Kijana wa miaka 17 huishia kwenye pikipiki ya cc 125, wa miaka 19 huruhusiwa yenye nguvu ya wastani, na zile kubwa kabisa kwa anayeanza moja kwa moja husubiri miaka 24. Kabla ya kugusa barabara, kuna mafunzo ya lazima yaliyoanza mwaka 1990.

Kuna na mambo madogo ya mwili yasiyopata nafasi kwenye picha nzuri. Kulalia tangi hupeleka uzito kwenye viganja, shingo hupinda kuelekea juu, na kiuno hulalamika. Mtetemo wa injini za zamani huacha vidole vikiwa na ganzi. Kelele ya upepo masikioni, si ya bomba la moshi pekee, huharibu usikivu taratibu, ndiyo maana waendeshaji wa safari ndefu huziba masikio kwa vizibo maalumu. Na bomba la moshi lililoachwa wazi huunguza mguu wa anayepanda nyuma, ambaye mara nyingi ndiye mtoto.

Sasa watoto ndio wanaosubiri

Ace Cafe ilifungwa mwaka 1969. Magari madogo ya bei nafuu, Mini ikiwa mbele, yalikuwa yamewachukua wateja, na viwanda vya pikipiki vya Uingereza vikaanza kuanguka. Mwaka 1994 wazee wa zamani walikusanyika tena mahali pale, na mwaka 2001 mgahawa ukafunguliwa upya. Triumph iliyofufuka ilitoa Thruxton mwaka 2004, pikipiki ya mgahawani iliyotoka kiwandani ikiwa tayari.

Wanaozijenga sasa kwenye gereji za nyumbani wengi ni watu wazima, waliolipa ada za shule na kumaliza mkopo wa nyumba. Gharama si mchezo: fremu halisi ya Featherbed yenye karatasi zake imekuwa kitu cha wakusanyaji. Baadhi hufanya kazi hiyo na watoto wao, na ni moja ya nafasi chache ambazo baba na binti wa miaka 15 huweza kukaa saa nne katika chumba kimoja bila simu, kwa sababu mikono ya wote wawili ina grisi.

Tangu mwaka 2012 kumekuwa na matembezi ya kila mwaka yaitwayo Distinguished Gentleman's Ride, yaliyoanzia Sydney, Australia, na sasa hufanyika miji mingi duniani ikiwamo London. Wanaume huvaa suti, hupanda pikipiki za mtindo huu na kuchangisha fedha za saratani ya tezi dume na afya ya akili ya wanaume. Kwa daktari wanaume wengi husita kwenda, lakini kwenye pikipiki wanakuja.

Siku hiyo ya Jumapili asubuhi, kwenye nyumba kadhaa za London, mwenye kuchungulia dirishani na kuuliza kama kofia imefungwa vizuri huwa ni mtoto. Baba ana miaka 62, haombi sahihi ya mtu, na kofia anayoipenda ni ile ya zamani ya umbo la bakuli, isiyofunika masikio wala kidevu. Binti yake ameificha kabatini, nyuma ya pasi. Amemwachia mezani ile inayofunika uso mzima.